Mwanaheri Hajasema Ndiyo

"Shangazi, nani kasema nimekubali?"

"Wewe."

"Mie? Nimefungua mdomo saa ngapi?"

"Hukufungua, ndo maana yake. Nimekuuliza pale mlangoni, ukanyamaza. Mwali akinyamaza karidhia. Toka enzi za bibi zako."

Vigelegele vilikuwa vimeshapigwa, majirani nusu ya Temeke wameshajua, na Mwanaheri mwenyewe aliyeposwa ndiyo kwanza anatoka chumbani kuuliza. Shangazi Salma, dada yake baba, alikuwa anakusanya sahani za pilau bila wasiwasi wowote.

Posa yenyewe Mwanaheri aliingoja kwa hamu. Twaha alimpenda na yeye anampenda, hilo halikuwa na ubishi. Kilichomkausha mate ni neno la pili la Mzee Suleiman, baba mdogo wa Twaha, aliyeongoza washenga: mke akishaolewa aache kazi ya kulea watoto, na habari za chuo ziishe. Swali likaletwa chumbani. Binti akapigwa na butwaa, na kabla hajameza mate shangazi ameshatoka mbio kutangaza, "Kanyamaza!"

Sasa tuseme ukweli, hapo nani alaumiwe? Binti wa watu alikuwa mlezi kwenye kituo cha yatima kule Segerea. Ilikuwa mwaka tisini na saba, maradhi yanamaliza wazazi, watoto wanaletwa kituoni kila kukicha. Yeye akasikia kuna shahada unayosoma ukiwa kwako na kazini kwako, vitabu unaletewa kwa posta. Akawa anajiuliza tu achukue ualimu au sheria. Dirisha la kujiandikisha lilikuwa linakaribia kufungwa.

Akamfuata baba yake, Mzee Mfaume, barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Najua ulichokuja nacho. Nimeshapeana mkono na watu, mwanangu."

"Baba, nilikuwa nimeshtuka."

"Si ungesema umeshtuka?"

"Ningesemaje, na mwali hasemi?"

Mzee akatazama pembeni, akajifanya anatafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

Mwanaheri akatoka mpaka duka la jirani lenye simu. Twaha alikuwa na kizimba cha ndizi na viazi soko la Mabibo, na simu aliyopigiwa ilikuwa ya ghala la jirani. Aliitwa, akaja anahema.

"Haloo! Mchumba!"

"Twaha, ndo nini mmenifanyia?"

"Nini tena? Mie hapa nina raha, nimegawa ndizi bure mpaka kwa wapagazi."

"Raha ya nini?"

"Ba'mdogo kaniambia umeridhia mwenyewe kuacha masomo. Eti umechoka."

"Kwani sharti si lako?"

"Sharti gani? Wallahi sijamtuma mtu sharti."

Mwanaheri akashusha pumzi. Maongezi yangeishia hapo ingekuwa heri, lakini Twaha alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli.

"Ila sikufichi, Mwana. Nilipoambiwa hivyo, nilifurahi."

Simu ikakatwa. Alilia njia nzima, na hakujali nani anamuona.

Kesho yake Twaha akatokea Segerea na mkungu wa ndizi begani. Mwanaheri alikuwa anafua mashuka ya watoto. Binti mmoja mwembamba, Adelina, akaja kuupokea mkungu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nani kakwambia mie shemeji?"

"Dada Mwana kila siku anakusema."

Mwanaheri akainamia beseni. Adelina alipokwenda jikoni, Twaha akachuchumaa upande wa pili wa mashuka.

"Mwana, kwani hawa hawalelewi bila shahada?"

"Umemuona huyo? Wazazi wake wote wamekufa, wamemuachia nyumba. Ba'mkubwa wake kaingia, kabadili kufuli, mtoto kaletwa huku na mfuko wa rambo. Mie naweza kumuogesha, kumlisha, kumbembeleza akilia. Nyumba yake siwezi kumrudishia. Kila ofisi nikiingia naulizwa, we nani?"

"Kwa hiyo siyo ualimu tena."

"Sheria. Ualimu naupenda, nimeuwaza sana. Lakini wa kuwafundisha kusoma wapo. Wa kuwasimamia hakuna. Nimeamua jana, nilipokukatia simu."

Twaha akakamua shuka ambalo lilikuwa limeshakamuliwa.

"Unaogopa nini, Twaha?"

"Usinicheke. Mie la saba, na hilo la saba nilimaliza kwa fimbo. Leo unanipenda. Kesho umekaa na wanasheria wenzio, mie natokea na gunia la viazi. Utasema huyu nani?"

"Nitasema huyu mume wangu. Halafu nitakuuliza umechelewa wapi, watu tuna njaa."

Twaha alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Akafungua mdomo ajibu, Mwanaheri akamzuia kwa mkono wenye povu.

"Usinijibu hapa. Mie watu walinijibia. We nijibu mbele ya hao hao."

Siku ya ndoa ikafika, baraza ya Mzee Mfaume imejaa kanzu. Shehe akaja na mashahidi mpaka mlango wa chumba kumuomba bibi harusi idhini.

"Mwanaheri binti Mfaume, umeridhia baba yako akuozeshe kwa Twaha bin Mbaraka?"

"Kaa kimya mwanangu, inatosha," Shangazi Salma akanong'ona.

"Nimeridhia!" Sauti ikafika barazani. "Na mahari yangu sitaki kitanda wala kabati. Anisomeshe sheria mpaka nimalize, na kwa watoto wangu nisitolewe."

Shangazi akakaa chini. Mzee Suleiman akasimama.

"Hilo tulishalimaliza! Mwali aliridhia!"

"Hakuridhia," Mzee Mfaume akasema. "Alinyamaza, tukamjazia maneno. Mimi wa kwanza. Shehe, mahari anataja nani?"

"Anataja mwenyewe. Na elimu ni mahari."

"Kijana wetu hawezi kukubali mambo hayo," Mzee Suleiman akasema.

"Basi aseme kijana," Shehe akajibu.

Macho yote yakamgeukia Twaha. Nyuma ya mlango Mwanaheri alishika kitasa kwa mikono yenye hina mbichi. Alishajiapia kwamba Twaha akisema hapana, ndoa hakuna, atarudi kwa watoto wake wa Segerea. Na alimpenda mtu yule kweli.

Twaha akafuta jasho kwa ukingo wa joho.

"Shehe, naomba umuulize neno moja. Akifeli?"

Watu wakaguna. Shehe akageukia mlangoni, lakini hakuwahi hata kuuliza.

"Narudia!" Mwanaheri akajibu.

Twaha akampa mkono baba mkwe wake na kuushika kwa nguvu.

"Nimekubali kumuoa Mwanaheri binti Mfaume kwa mahari aliyotaja," akasema, mbele ya baba yake mdogo na kanzu zote zile. "Na akifeli, arudie."