Mguu wa Wendelin Mferejini

— Binti, hiyo simu yako itakuua. Tutazame kanisa au tukutazame wewe?

Kundi zima likacheka. Svenja, mwongozaji wao, aliirudisha simu mfukoni kwa aibu. Mwenye maneno alikuwa mama mmoja wa koti la kijivu, aliyekuja na wazee wenzake kutoka Karlsruhe, na tangu asubuhi alikuwa hampi hata nafasi ya kupumua.

— Samahani, mama. Hapa mlangoni mwa kanisa kuu, hii mikate iliyochongwa ukutani ilikuwa vipimo vya zamani. Mwokaji akikupunja, unamleta hapa mnalinganisha.

— Na mwanaume akikupunja, unampeleka wapi?

Wakacheka tena. Svenja roho ilikuwa juu. Jana Wendelin, mchumba wake, alikwenda kumweleza mama yake habari za harusi. Tangu hapo ukaja ujumbe mmoja tu:

"Mama hataki hata kukusikia. Anasema nyie waongoza watalii mna maneno matamu kwa kila mgeni. Nitakupigia."

Hakupiga. Akipigiwa, hapokei. Mapenzi bwana! Mtu unaongoza kundi zima, mwenyewe hujui unakoelekea.

Wakaupita uwanja wa wauza soseji, wakafika kwenye vijifereji vya maji vinavyopita kando ya barabara za Freiburg.

— Angalieni mnapokanyaga, Svenja alisema kwa sauti ya kazi. Mgeni akitumbukiza mguu humu kwa bahati mbaya, lazima aoe au aolewe na mwenyeji wa hapa.

— Na akiutia makusudi? aliuliza yule mama.

— Haihesabiki, mama.

— Wanaume wangapi umewanasa kwa hadithi hii?

Hapo Svenja akashindwa. Machozi yakamlenga.

— Mmoja tu, mama. Alitumbukia mbele yangu, kiatu kikajaa maji, nikampa leso. Nampenda mpaka naumwa. Na leo sijui kama bado ni wangu, maana mama yake hanitaki, na hajawahi hata kuniona.

Mama wa koti la kijivu akashusha pumzi.

— Basi alikudanganya. Siku ile alinipigia simu: "Mama, nimeona msichana, nimetia mguu majini makusudi ili anitazame." Na viatu nilimnunulia mimi, vipya!

— Wewe... ni mama yake Wendelin?

— Nani mwingine? Nilitaka nikuone ukiwa hunijui. Nikamwambia akikuonya tu, harusini sikanyagi.

— Svenja!

Sauti ilitoka upande wa pili wa barabara. Wendelin alikuwa anakuja mbio, uso umemwiva.

— Svenja, usimjibu chochote! Huyo ni ma...

Hakumaliza. Mguu ulikosa ukingo, akaingia mferejini kwa magoti na viganja, maji yakawarukia wazee wote.

Mama yake akaushika mkono wa Svenja, akaukaza.

— Umeiona hiyo? Hiyo sasa ndiyo bahati mbaya. Imehesabika. Haya niambie, mwanangu, harusi lini?