Kufuli la Laini ya Nne

Jambo la mwisho la kawaida alilolifanya Mhandisi jioni ile lilikuwa kukunja waya. Mashine ya oksijeni ilikuwa juu ya kigoda karibu na mlango. Yeye alikuwa amepiga magoti, anauzungusha waya wake mkononi taratibu, kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo. Mama mkwe alikuwa ameshika plagi ili waya usijisokote. Mashine ilikuwa ya kuazima, mali ya zahanati ya mtaa wa pili. Ilikuwa imekaa siku arobaini na moja bila mtu wa kuitumia, na zahanati ilikwisha kuiulizia mara mbili, kwa adabu.

"Ngoja niifute vumbi kwanza," mama mkwe alisema. "Kitu cha watu hakirudishwi kichafu."

Akaifuta. Akafuta hata pale ambapo hapakuwa na vumbi.

Hapo simu ikaita. Alikuwa Mkuu, bosi wake wa kazini, na Mkuu hakuwa na desturi ya kupiga simu kumjulia mtu hali.

Mhandisi, ndivyo wote walivyomwita, alikuwa msimamizi wa umeme wa kituo cha data kilichojengwa nyuma ya mtaa wao. Majirani walikiita Jumba. Kumbi tatu zisizo na madirisha, zimejaa kompyuta zinazovuma usiku na mchana, na ndani yake hamna anayekaa. Picha za watu, hesabu za benki, ujumbe wa mapenzi na wa matusi, vyote vilikuwa humo. Kazi yake Mhandisi ilikuwa moja tu: Jumba lisizimike, hata kwa sekunde.

Mkuu alisema ukumbi wa nne unawashwa jioni hiyo, wageni wamekwisha kufika, na umeme hautoshi. Mhandisi aizime Laini ya Nne kwa muda wa saa mbili. Laini ya Nne ndiyo iliyopeleka umeme mtaani kwao. Mhandisi akauliza habari za transfoma mpya. Mkuu akajibu kwamba iko njiani. Ilikuwa njiani mwezi wa kumi na nne sasa. Kama ingekuwa imebebwa na kinyonga ingekwisha kufika, ikala, ikalala. Mhandisi alikuwa ameandika barua tisa kuihusu, zenye majedwali, na kila moja ilijibiwa kwa shukrani.

Akavaa viatu. Mama mkwe hakuuliza anakokwenda. Alisema tu, huku akiikalisha vizuri mashine juu ya kigoda, kwamba jumba lisilolala ni jumba linalokula.

Hayakuwa maneno mapya. Tangu msiba, mama huyo na shemeji yake Mhandisi walikuwa na maelezo yao: kwamba waliokufa kiza kinapoingia hawakufa kweli, bali wamechukuliwa misukule, na humo ndani ndimo wanamofanyishwa kazi. Mhandisi aliwahi kukaa nao akawaeleza nguvu ya umeme inavyopimwa na inavyogawanywa. Walimsikiliza kwa heshima, kama watu wazima wanavyomsikiliza mtoto akisoma kitabu kwa sauti.

Alichokuwa nacho yeye hakikuhitaji uchawi. Kilikuwa kinaning'inia kwenye kishada chake cha funguo.

Katika kazi ya umeme kuna sheria ambayo haichezewi. Fundi akizima laini ili aishike kwa mikono, huifunga swichi yake kwa kufuli lake mwenyewe, hutundika kadi yenye jina lake, kisha huondoka na ufunguo mfukoni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua wala kulivunja, maana ukiwasha bila kujua unaweza kumuua mwenzako aliyeshika waya upande wa pili. Aliyefunga ndiye afunguaye. Mhandisi mwenyewe alimfundisha hivyo fundi wa zamu, kijana wa mikono mikubwa waliyemwita Koleo. Alimwambia: hata akija nani analia, kufuli la mtu usiliguse.

Siku arobaini na moja zilizopita, alikuwa ameifunga Laini ya Nne ili kuunganisha waya mpya wa Jumba. Alimwambia mke wake itachukua nusu saa. Alikuwa amepiga hesabu: mashine ya oksijeni ingezimika, lakini mtungi wa akiba nyumbani ulikuwa na hewa ya dakika arobaini. Akashuka chini ya Jumba, kwenye njia ya nyaya, ambako simu haishiki. Kazi ilipokwisha, Mkuu akamwomba abaki wapime, dakika kumi tu. Zikazaa nyingine kumi. Huku juu, shemeji yake alifika chumba cha swichi akilia, na Koleo akamzuia kama alivyofundishwa.

Alipopanda, simu ilikuwa na miito kumi na minne kutoka "Nyumbani". Saa mbili kamili zilikuwa zimepita.

Siku ya tatu baada ya mazishi alilitupa kufuli lile kwenye shimo la choo. Alisikia likitumbukia. Ufunguo alishindwa kuutupa.

Chumba cha swichi kilikuwa kijumba cha matofali ukutani mwa Jumba. Alifika saa kumi na mbili na nusu, watu wanaporudi makwao na kuwasha taa na majiko, saa ambayo kila laini inalemewa. Koleo hakuwepo. Alikuwa ameitwa ukumbi mpya. Mhandisi akafungua mlango.

Harufu.

Si ya mafuta wala ya shaba iliyopata moto. Ilikuwa dawa ya kuchua kifua, ile ya kopo dogo, pamoja na mpira uliopashwa joto na pumzi ya mtu.

Akasimama. Akawasha taa. Swichi nane zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja na mita yake juu. Ya Saba ilikuwa na kufuli kuukuu lenye kutu. Laini ile ilifungwa miaka sita nyuma, mtaa wake ukabomolewa kupisha nguzo za Jumba, na kadi yake ilikuwa imefifia haisomeki.

Ya Nne ilikuwa imekwisha kuzimwa.

Nayo ilikuwa na kufuli.

Lilikuwa lake. Alilijua kwa mkwaruzo ubavuni. Kadi ilikuwa ya mwandiko wake, tarehe ya siku ile, na chini yake: dakika 30. Alipolishika, lilikuwa limelowa.

Jambo la kwanza alilohisi halikuwa woga. Ilikuwa hasira, ya mtu aliyechezewa kwenye chombo chake cha kazi. Akainua macho atazame mita. Laini iliyozimwa haina umeme, mshale hulala kwenye sifuri. Hilo halina mjadala.

Mshale ulipanda kidogo... ukashuka.

Ukapanda... ukashuka.

Akauhesabia kwa saa yake ya mkononi. Kila sekunde nne. Kisha akaisikia na sauti yake, ndani ya kisanduku cha chuma, ileile ya mashine ya oksijeni aliyolala nayo miezi minane.

Psss... tk.

Psss... tk.

Na nyuma yake, kwa mwendo uleule, kitu kikikwaruza sakafu. Chwaa... Chwaa...

Akageuka. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani alikuwa anafagia, ameinama, anatokea upande wa swichi ya Saba.

"Chumba hiki hakifagiliwi jioni," Mhandisi alisema.

"Hakifagiliwi kabisa," mwanamke akanong'ona. Hakuinua uso.

"Nani kakuruhusu kuingia?"

"Ulisema nusu saa."

Maneno yale aliyasema chumbani kwake, kwa mtu mmoja.

Mwanamke akanyoosha mgongo. Mashavuni alikuwa na mifereji miwili, kutoka puani hadi masikioni, alama za mtu aliyevaa mrija wa hewa kwa muda mrefu. Uso ulikuwa wa mtu mzima, umechoka, na hakuwahi kuuona. Hakuwa mke wake. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Siku arobaini na moja, halafu wanamletea mgeni.

"Wewe nani?"

"Wa Laini ya Saba." Akaelekeza kwa kidevu. "Wako yuko hapo kwenye Nne. Bado mgeni, ana nguvu. Ukumbi mpya wameuegemeza kwake."

"Hiyo haiwezekani. Pumzi ya mtu haiwezi kuendesha hata balbu."

"Nawe umeandika barua ngapi kwamba umeme hautoshi?" Akafagia kidogo. "Sasa unadhani unatoshelezwa na nini?"

Alikuwa ameuliza swali hilo mwenyewe, kwa majedwali, mara tisa.

"Mwenzangu ana bahati," mwanamke alinong'ona. "Aliyemfungia yupo, na ufunguo anao. Wangu alihama kazi."

"Nikifungua?"

"Atashusha pumzi."

"Halafu?"

"Mhandisi ni wewe."

Psss... tk.

Akautoa ufunguo. Tangu msiba alikuwa ameomba jambo moja tu, apewe nafasi ya kulifungua kufuli lile kwa wakati. Sasa amepewa. Na maadamu mshale ulikuwa unapanda, kulikuwa na kitu chake duniani ambacho bado kinapumua. Angeweza kuja hapa kila jioni. Angeweza kuweka kiti. Hakuna ambaye angejua.

Akatazama mshale ukipanda. Safari hii ulipanda kwa shida, kama mtu anayepanda ngazi amebeba ndoo mbili.

Nje, upande wa pili wa ukuta, ukumbi wa nne ulianza kuvuma.

Mshale ukatetemeka.

Akafungua.

Kufuli likaachia. Akakamata mpini wa swichi kwa mikono miwili, akausukuma juu mpaka mwisho.

Jumba likanyamaza.

Betri za akiba zilipaswa kushika, ndiyo kazi yao pekee. Hazikushika. Kumbi nne, maelfu ya feni, vyote vikakata kwa pamoja, na katika kimya kile ambacho mtaa haukuwa umekisikia kwa miaka, Mhandisi akasikia pumzi moja. Ndefu. Ya kushuka. Kama alivyokuwa akishusha pumzi mke wake anaporudi sokoni na kuvua viatu mlangoni.

Kisha majenereta yakanguruma, na mvumo ukarudi.

Mwanamke hakuwepo. Kufuli nalo halikuwepo. Mkononi alibaki na ufunguo, umelowa.

Asubuhi iliyofuata Mkuu alimwita akamkaripia. Sekunde kumi na moja. Wageni walikuwa wamesimama mle gizani, wameshika vikombe vyao, kwa sekunde kumi na moja. Mhandisi akasema ataandika ripoti. Mkuu akamtaka aeleze ni swichi ipi aliigusa, naye akasema ya Nne, na Mkuu akamtazama kama anayemtazama mgonjwa. Laini ya Nne haikuzimwa jana, akasema. Ndicho hasa kinachomkasirisha.

Koleo alimngojea chumba cha swichi na daftari la zamu. Ilikuwa kweli. Taa za mtaani kwao ziliwaka jioni nzima. Kijana alihangaika kidogo na kofia yake, kisha akamuuliza Mhandisi kama ndiye aliyefagia.

Sakafu yote ilikuwa na vumbi la miaka, isipokuwa njia moja nyembamba, safi, kutoka swichi ya Saba hadi ya Nne.

Mhandisi aliitazama njia ile kwa muda. Halafu akaomba mkasi wa kukatia chuma.

Koleo akauleta. Alipoona unaelekea kwenye kufuli la kutu, akaingia katikati. "Mzee, hilo ni kufuli la mtu."

"Mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Wanasema alihama, kabla sijaajiriwa." Tangu msiba, wawili hawa hawakuwahi kulizungumza jambo lile. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Hata akija nani analia."

"Nilikufundisha nusu," Mhandisi alisema. "Kosa halikuwa lako. Sogea, mwanangu."

Akakata. Kufuli likaanguka, likapiga sakafu mara moja. Mshale wa Saba ulikuwa kwenye sifuri, na ukabaki kwenye sifuri. Hakuna sauti. Hakuna harufu. Koleo akakohoa. Mhandisi alijiona mjinga, na ujinga ule ulimpa nafuu.

Simu ikatetemeka mfukoni. "Nyumbani."

Safari hii aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mwanangu." Mama mkwe alikuwa ananong'ona. "Kuna mwanamke hapa mlangoni na ufagio. Nimemwambia hatutafuti mfanyakazi. Anasema wewe ndiye uliyemfungulia, na asiye na mtu wake huwa wa aliyefungua."

Mhandisi akaibana simu sikioni.

"Anahema vibaya sana," mama aliendelea. "Anaulizia ile mashine."

"Mashavuni ana alama?"

Kwenye simu, mahali fulani karibu na mlango, mtu alikuwa akivuta hewa kwa shida.

"Anazo," mama mkwe alisema. "Kama za binti yangu."

Mhandisi akaketi sakafuni, pembeni ya njia iliyofagiliwa, bila kuikanyaga.

"Chomeka mashine, mama," alisema. "Halafu mfungulie."