Bi Rukaya na Meno ya Koala

Bi Rukaya aliishi Sharpstown, Houston, na mwanawe Faraj na mjukuu wake Nahla. Kila siku alipika wali wa nazi, akawapakulia wenzake, yeye akanywa chai. Akitia nyama kinywani, aliitema kisirisiri kwenye karatasi. Meno yalimuuma, lakini alinyamaza. Magauni yalianza kumpwaya.

"Uzee huo, Mama," Faraj alisema. "Miaka sabini na mbili si mchezo. Kunywa uji, upumzike."

Maneno hayo yalimchoma Bi Rukaya. Kwani uzee una mikono ya kumnyang'anya sahani?

Jumamosi alikuja jirani yao Flaviana, anayefanya kazi kliniki ya meno. Alimkuta Nahla akimsomea bibi yake kazi ya shule kuhusu koala, mnyama wa Australia anayekula majani ya mikalitusi.

"Koala wa porini huishi miaka kumi hadi kumi na mitano hivi. Akitunzwa na watu anaweza kufika kumi na minane. Wengi wanakufa kwa magonjwa, magari, mbwa, moto na kukatwa miti."

"Na wanaobahatika kuzeeka?" Bi Rukaya aliuliza.

"Meno yao yana-wear out, Bibi, yanasagika hadi kuisha. Hawawezi kutafuna. Wanakufa njaa, na majani yapo palepale."

Bi Rukaya aliweka kikombe chini. Alisikia hofu, kisha hasira.

Flaviana alimtazama. "Mama, niambie kweli. Unatafuna?"

"Sitafuni, mwanangu. Yananiuma."

"Basi huo si uzee. Jino linalouma ni ugonjwa, na una tiba. Koala meno yakiisha, hana la kufanya. Wewe jino bovu litazibwa au kung'olewa, na pengo litatiwa la bandia."

"Lakini kwa umri wake—" Faraj alianza.

"Koma!" Bi Rukaya alisimama. "Mimi si koala! Nife njaa na chungu nimepika mwenyewe? Jumatatu asubuhi utani-drive kliniki!"

Daktari aling'oa meno mawili, akaziba moja. Alimfundisha kupiga mswaki mara mbili kwa siku, akamwambia arudi kupimwa hata kama haumwi. Baadaye akamtengenezea meno ya bandia.

Miezi miwili ikapita. Magauni yalimkaa tena. Siku moja kilibaki kipande kimoja cha kuku mezani. Faraj akanyoosha mkono. Bi Rukaya akaivuta sahani.

"Wewe kunywa uji," alisema akitafuna, "upumzike."