Benita Aogopa Kukosea

Adau anauza mandazi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Mumewe alifia vitani Sudan Kusini, akamwachia binti mmoja, Benita. Kila matokeo yakitoka, Adau alimwuliza swali moja tu.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza, mama."

Adau aliwatangazia majirani: "Mtoto wangu amezaliwa na akili!"

Gredi ya sita, hesabu za sehemu zikamshinda Benita. Hakumwambia mtu. Aliyezaliwa na akili atauliza vipi?

Asubuhi moja, Adau akizoa majivu jikoni, alikuta karatasi ya mtihani iliyoungua nusu. Alama zilisomeka: thelathini na moja kwa mia.

"Benita, hii ni nini?"

Mtoto akaangua kilio. "Sirudi shule tena, mama. Nitakuaibisha."

Maneno hayo yalimchoma Adau. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Lotiir, anayefundisha hesabu.

"Ejok, Mama Benita," mwalimu alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mwalimu. Mtoto anataka kuacha shule. Nimekosa wapi?"

Adau alimpa ile karatasi iliyoungua, Lotiir akaisoma.

"Benita anasoma ili aonekane ana akili," alisema. "Mtoto kama huyo akifika penye ugumu, hujificha. Anayesoma ili aelewe, akikwama huuliza."

"Basi nisijali alama?"

"Jali, mama. Lakini alama hufuata kuelewa. Usimwulize amekuwa wa ngapi. Mwulize leo nini kimemshinda, na akikwambia usimkemee. Hata mimi nimekosa. Huwa nasoma majina ya wa kwanza na wa mwisho mbele ya darasa. Nitaacha."

Jioni Adau aliuliza, "Nini kinakushinda, mwanangu?"

Benita akasema, "Nusu na robo, mama. Sijui zinajumlishwa vipi."

"Hata mimi sijui. Kesho mwulize mwalimu, halafu unifundishe."

Kesho yake Benita aliinua mkono. Wengine walicheka. Hata hivyo alimaliza swali lake. Wasichana wawili wakasema, "Hata sisi hatujaelewa." Lotiir akaanza somo upya.

Mwisho wa muhula Benita alipata hamsini na nane. Hakuwa wa kwanza. Jioni hiyo aliketi nje na wale wasichana wawili, akachora duara mchangani na kuligawa vipande. Adau alisimama mlangoni, akisikiliza.

"Hapo sijaelewa," mmoja alisema.

"Vizuri," Benita akajibu. "Tuanzie hapo hapo."