Upande Ukiisha

"Hivi ni vitu gani kwenye beseni langu la vyombo?"

"Usiviguse! Nimeviloweka."

"Nimeuliza ni vitu gani."

"Santuri, mke wangu. Zina vumbi. Ukizisugua kavu unaziua."

Chanuo alisimama mlangoni mwa jikoni, mkoba bado begani, miguu ikimuwaka moto baada ya kusimama kutwa nzima akisuka vichwa vya watu. Ndani ya beseni, kwenye povu, santuri zilisimama wima kama sahani za wageni. Sahani zenyewe, zile za jana, zilikuwa sakafuni na uchafu wake.

"Kwa hiyo chakula nikipakue kwenye nini? Kwenye santuri?"

"Hapana!" alisema mumewe, kwa hofu ya kweli kabisa.

Mtaa mzima ulimwita Chanuo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila chanuo la mbao kichwani, na kwa sababu mdomo wake nao haukuacha fundo bila kulifumua. Saluni yake ndiyo ilikuwa redio ya mtaa: ukitaka kujua nani kamwacha nani, unakwenda kuosha nywele. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mrefu, mpole, anayezungumza na mashine zaidi kuliko watu. Huyo waliishia kumwita Fundi tu. Walipendana, hilo halikuwa na ubishi. Ila kwenye nyumba yao ya vyumba viwili, ghorofani, Chanuo aliishi na mke mwenza: ukuta mzima wa santuri, kuanzia sakafuni hadi darini.

"Fundi, simu yako ina nyimbo zote hizi. Zote! Na hazihitaji kuogeshwa."

"Zile si nyimbo. Zile ni picha za nyimbo."

"Na hizi?"

"Hizi zina mwili."

"Hata mimi nina mwili, na una njaa."

Fundi alicheka, akaifuta moja, akaiweka kwenye mashine. Sindano ikashuka, ikakwaruza kidogo, gitaa likaanza. Chanuo akavua viatu, akaelekea chumbani. Mbao za sakafu zikalia. Sindano ikaruka.

"Tembea kwa vidole, mama! Umeruka ubeti mzima!"

"Mimi ndiye niliyeruka? Nakwenda kubadili nguo nyumbani kwangu!"

"Taratibu tu, unakanyaga kama unadai."

Hizo ndizo zilikuwa sheria. Usikanyage kwa nguvu. Usicheze muziki, mashine itatikisika. Usishike santuri, mikono yako ina mafuta ya nywele. Na kubwa kuliko zote: usizungumze sindano ikiwa chini. Nafasi ya Chanuo ilikuwa upande unapoisha. Hapo Fundi aliinua santuri, akaifuta polepole kwa kitambaa laini kabla ya kuigeuza, na wakati akifuta, alisikiliza. Ndoa yao yote ilipitia kwenye kitambaa hicho: bomba linalovuja, wifi aliyenuna, mwenye nyumba na kelele zake.

Jioni hiyo upande ulipoisha, Chanuo alikuwa ameshajaa mpaka shingoni.

"Nimechoka kuishi kwa zamu ya kitambaa," alisema. "Kwa nini nisubiri upande uishe ndipo nizungumze na mume wangu? Chagua leo. Zikitoka, nakaa. Zikikaa, natoka."

Fundi alifuta ile santuri kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Zitakwenda kwa dada," alisema.

Kesho yake zikahama. Haikupita saa, simu ya Chanuo ikaita. Wifi yake.

"Wifi, mbona mmenijazia sebule maboksi? Nimekuwa bohari?"

"Nivumilie, wifi yangu. Ndoa inavuta pumzi."

"Ivute haraka, nina wageni Jumamosi."

Chanuo hakuwa mchoyo wa fadhila. Alimnunulia mumewe hedifoni nzuri, kubwa, za kufunika masikio, akamwekea kwenye simu nyimbo ambazo hata angeishi mara mbili asingezimaliza. Akasugua beseni lake. Akatembea sebuleni kwa visigino, ko, ko, ko, akajisikia malkia.

Malkia hakudumu.

Fundi alivaa hedifoni asubuhi, akazivua kitandani. Nyimbo hakumaliza hata moja. Mwimbaji hajamaliza kukohoa, kashabadilishwa. Kidole juu, kidole chini, macho kwenye kioo cha simu, kichwa kikitikisika peke yake kama cha kuku.

"Fundi, mwenye nyumba amekuja."

"Eh?"

"Fundi, paa linavuja."

"Eh?"

"Fundi, nimeolewa na mwanaume mwingine, anakuja saa kumi."

"Sawa, mama."

Ilifika mahali Chanuo anasimama jikoni, hatua chache kutoka kwenye kochi, anampigia simu.

"Chakula tayari."

"Ahsante. Kumbe umesharudi?"

"Nimekuwepo tangu mchana, wewe mwanaume!"

Kwenye saluni aliwasimulia wateja, wakacheka mpaka mmoja akaangukia drya ya nywele. Chanuo naye alicheka, lakini kicheko kilimkwama njiani. Alichokuwa anakitamani ni kitu cha kijinga ambacho asingeweza kumwambia mtu: alitamani upande uishe.

Kisha ikaja siku ya zahanati. Walikuwa wamesubiri mtoto tangu waoane, wakasubiri mpaka wakaacha kulizungumzia jambo hilo. Nesi alipompa majibu, Chanuo alikaa kwenye benchi la nje akacheka na kulia kwa pamoja. Alipita saluni, wateja wamejaa, habari inamwasha ulimini, akaimeza. Na Chanuo kufunga mdomo si kazi ndogo. Alikuwa ameapa: wa kwanza kujua awe yeye, baba yake mtoto. Basi.

Jumapili mchana alipika, akavaa gauni la kitenge analolipenda Fundi, akaketi mbele yake. Fundi alikuwa na hedifoni, uso umeinamia simu.

"Fundi."

Kichwa kikatikisika kwa mdundo.

"Baba. Nina mimba."

Fundi aliinua macho. Aliona midomo ya mkewe imesimama, akajua anadaiwa jibu. Akamtolea lile analowapa wateja wake wote, wenye friji zinazovuja na zisizogandisha.

"Nitaiangalia kesho."

Kisha akarudi kwenye simu.

Chanuo alimtazama. Alingoja. Akainuka, akafunga nguo zake kwenye begi, akapita mbele yake, akatoka. Mlango aliufunga taratibu sana.

Nyuma ya saluni kulikuwa na chumba cha kuwekea mafuta na nywele za bandia. Akatandika godoro humo. Ujumbe wa kwanza uliingia jioni.

*Mke wangu uko wapi?*

Chanuo akajibu: *Nitaiangalia kesho.*

*Sijakuelewa. Nimekosa nini?*

*Nitaiangalia kesho.*

*Umekula?*

*Nitaiangalia kesho.*

Siku zilizofuata alisusa kupokea simu za Fundi, akasuka kwa hasira. Mteja wake wa siku nyingi, mwalimu wa shule ya msingi, aliyajua hayo kwa ngozi ya kichwa chake.

"Chanuo, taratibu! Mimi siye niliyekuudhi."

"Samahani, mwalimu."

"Amekufanya nini? Ana mwanamke?"

"Afadhali angekuwa na mwanamke, ningemshika nywele. Ana simu."

"Sasa si wewe uliyemnunulia hedifoni?"

"Mwalimu, umekuja kusuka au kusahihisha?"

Simu ikaita. Wifi.

"Wifi, umesikia? Kaka yangu amekuja asubuhi na mkokoteni. Kabeba santuri zake zote! Na drili ya mume wangu kaondoka nayo. Nimemuuliza, anasema anarudisha kila kitu mahali pake."

Chanuo alisimama, chanuo hewani.

"Kila kitu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kumbe!" Sauti ilimpanda hadi wateja wakageuka. "Mimi nalala na nywele za bandia huku, yeye anarudisha mke mwenza nyumbani! Nakwenda sasa hivi kuchukua vyombo vyangu. Na beseni!"

"Na kichwa changu?" aliuliza mwalimu. Nusu kilikuwa kimesukwa, nusu kimesimama.

"Nakuja, mwalimu. Kaa hapo hapo."

"Nisubiri kwenye kona!" wifi alipiga kelele simuni. "Hii siikosi!"

Walipanda ngazi pamoja, Chanuo mbele na mikono inayong'aa mafuta, wifi nyuma akihema. Muziki ulikuwa unasikika tangu chini. Chanuo aliusukuma mlango ukagonga ukuta.

"Hongera! Nimekuja kuwapisha, wewe na..."

Hakumaliza. Santuri zilikuwa zimerudi ukutani, kweli. Lakini meza ya mashine haikuwepo. Mashine ilikaa juu ya rafu nene ya mbao, usawa wa kifua, imefungwa kwenye ukuta wenyewe kwa vyuma vinne vya kubebea friji. Fundi alisimama kando, vumbi la tofali kwenye nyusi.

"Tembea," alisema.

"Nini?"

"Tembea unavyotaka. Kanyaga."

"Fundi, mimi sijaja kuchezewa."

"Kanyaga tu, mama."

Chanuo alikanyaga kwa hasira yote aliyolala nayo kwenye godoro lile. Mbao zikalia, glasi zikagongana kabatini, jirani wa chini akagonga dari. Sindano haikuruka.

Akakanyaga tena. Gitaa likaendelea zake.

"Sakafu haiigusi tena," alisema Fundi. "Hata ukicheza."

Chanuo alishika kiuno. Hakutaka kulainika mapema.

"Na vile vidude vya masikioni viko wapi?"

"Kwenye friji."

"Kwenye friji?!"

"Ndipo mahali pekee ambapo nisingevivaa."

Kule mlangoni wifi alijiziba mdomo kwa kanga yake.

"Zile nyimbo za simu hazina mwisho," Fundi akaendelea. "Moja inaingia kwenye nyingine. Sikujua nikusikilize saa ngapi."

"Hee! Kwani mke anasikilizwa kwa ratiba?"

"Hasikilizwi kwa ratiba. Ila mimi ndivyo nilivyo, mashine ikizimika ndipo nasikia. Upande ulipokuwa unaisha, nilikuwa nafuta santuri iliyokwisha kuwa safi. Nafuta tu ili uendelee kuzungumza."

Chanuo akamtazama. Akakaza uso.

"Na kukanyaga je? Miaka yote hiyo natembea kama mwizi nyumbani kwangu! Hii rafu usingeifunga zamani?"

"Ningeweza."

"Sasa?"

"Sikuwaza. Nilidhani umezoea."

"Amedhani nimezoea! Wifi, msikie kaka yako!"

"Namsikia, wifi. Ni mzigo. Sisi tulikupa tukashukuru."

Fundi hakucheka. Alisogea karibu.

"Jumapili uliniambia kitu, nikakupa jibu la wateja. Sikijui ni nini. Lakini ulipotoka ulifunga mlango taratibu. Tangu nikuoe hujawahi kufunga mlango taratibu. Nilivua hedifoni hapo hapo, nikakaa nauangalia ule mlango. Niambie."

"Ulipaswa kuniuliza."

"Nimekuuliza kwa simu. Umesema utaiangalia kesho."

Wifi akashindwa, kicheko kikamtoka puani. Chanuo naye midomo ikamcheza. Akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono.

"Basi subiri upande uishe."

"Sasa hivi nitaizima."

"Usiguse! Nimesubiri mimi miaka yote. Subiri na wewe."

Wakasubiri. Mwimbaji aliimba ubeti, akaurudia. Fundi alihamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. Aliangalia sindano, akamwangalia mkewe, akaangalia sindano. Wifi alijongea mpaka akawa ndani kabisa.

"Unaisha lini huo?" alinong'ona.

"Bado wimbo mmoja," alisema Fundi kwa unyonge.

"Mungu wangu, hawa watu wa zamani walikuwa na subira!"

Hatimaye gitaa likanyamaza. Sindano ikabaki inakwaruza pale mwishoni, kwa sauti ile ndogo ya mchanga. Fundi akaiinua, akaitoa santuri, akachukua kitambaa. Kisha, badala ya kufuta, akampa mkewe vyote viwili.

"Mikono yangu ina mafuta," alisema Chanuo.

"Naiona."

Akaishika santuri. Alama za vidole vyake zikabaki kwenye weusi wake, wazi kabisa, na Fundi wala hakupepesa.

"Nina mimba," alisema Chanuo.

Fundi alisimama mikono hewani, kama mtu aliyesahau alikuwa anabeba nini.

"Fundi?"

"Eh."

"Usiniambie eh! Nitakuvunjia hii santuri kichwani, haki ya Mungu!"

"Nimesikia," alisema, na sauti ikamkatika katikati. "Nimesikia, mama. Nataka urudie tu."

Akarudia. Safari hii aliisema polepole, na wifi akaruka juu akapiga ukelele, sakafu ikatikisika, jirani wa chini akagonga dari mara mbili mfululizo. Hakuna aliyejali.

Mwalimu alipiga simu kuuliza kuhusu nusu ya kichwa chake. Alipiga tena. Upande wa pili haukuchezwa siku ile.