Finjani Isiyotikiswa

Finjani ya tatu ilikuwa tupu.

Wadha alidhani imemwagika. Lakini ilikuwa imesimama pale pale juu ya jiwe, kavu mpaka chini.

Asubuhi hiyo ya Januari, yeye na mdogo wake Jadaan walikuwa wameingia korongoni, kamba ya kupandia ikiwa imefungwa kiunoni mwa Jadaan, kuangalia kama mvua ya juzi ilihamisha mawe, kabla Jadaan hajaleta watalii wake kutoka Aqaba. Mahali pembamba kabisa, ambapo mabega hugusa kuta zote mbili, walipumzika wakachemsha kahawa. Finjani ya tatu ni mchezo wa Jadaan wa kila safari: anammiminia "mwenye nyumba", yaani jini wa korongo, anakunja uso, watalii wanapiga picha. Leo hapakuwa na kamera. Alimimina kwa mazoea tu.

"Umekunywa wewe," Wadha alinong'ona.

"Wallahi sijagusa."

"Basi twende zetu."

"Hajatikisa finjani, dada."

Kwao mgeni aliyeridhika huitikisa finjani anapoirudisha. Asipotikisa, unammiminia tena. Kumnyima ni aibu ya ukoo mzima.

"Wewe si ndiye unayewaambia Wazungu majini ni porojo za bibi? Leo unamwonea haya nani?"

Jadaan aliinua dele la kahawa. Alimimina, na kahawa ikashuka polepole ndani ya finjani kama inayonyonywa, harufu ya iliki ikakatika, ikaja harufu ya tope bichi, na kutoka juu kule korongo linakoanzia, ambako wingu lilikuwa limeshaziba mbingu, ukaja mngurumo ambao kila mtoto wa pale anaujua kabla hajajua kuongea vizuri.

"Maji! Jadaan, maji!"

"Bado hajashiba."

Wadha akaipokonya finjani, akaitikisa yeye mwenyewe kwa niaba ya mgeni asiyeonekana, akaitupa, akashika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mdogo wake na kuanza kuparamia mwamba bila kugeuka, akiivuta kamba nzito nyuma yake huku mawe yakigongana chini, na katikati ya kishindo hicho akasikia sauti ya Jadaan ikimwita kutoka mbali, kutoka majini, "Dada! Dada Wadha!", lakini kamba bado ilikuwa nzito mkononi, na tangu utotoni alifundishwa kwamba ukiitwa korongoni huitiki, maana majini huiga sauti za watu, basi hakuitika.

Alipofika juu, Jadaan alitokea nyuma yake. Hata kuhema hakuhema.

Jioni mama yao, Hamda, alimkalisha mwanawe karibu na moto akammiminia kahawa. Jadaan alikunywa, akanyoosha finjani. Mama akamimina. Akanyoosha tena.

"Huyu leo ana kiu ya ngamia!" mama alicheka.

Dele likaisha. Mkono ulibaki umenyooshwa, umetulia, ukinuka tope bichi. Mama hakucheka tena.

"Tikisa, mwanangu," alinong'ona. "Tikisa basi."

Wadha alitazama kamba iliyokuwa bado kiunoni mwa yule kijana, kavu kabisa, na masikioni mwake mdogo wake akaanza tena kumwita.