Mtungi Ulioingia kwa Wakwe

"Lukudu, uko wapi?"

"Mimi iko bandari. Boti ya Malakal inashusha mizigo."

"Wazee wamekaa wanakungoja."

"Malesh, samahani, Ketty. Mtungi yangu imefika. Nabeba, nakuja."

Nikamkatia simu. Siku ya posa yangu mwanamume anafuata mtungi! Nyumba yake ya Nyakuron imejaa mitungi hiyo ya zamani ya mtindo wanaouita brutalisti: mizito, mikavu kama zege, imefinyangwa kwa mkono na kukwaruzwa kisu makusudi. Hata pa kukaa hakuna. Huu wa fundi wa Khartoum alianza kuutafuta kabla hajanijua mimi.

Akaingia anatiririka jasho, mtungi kifuani. Baba mkubwa Arkangelo akainuka, akaupokea kwa mikono miwili.

"Mkwe hakuja mikono mitupu. Asante."

Lukudu akaduwaa. Kwetu, kitu kikishapokelewa siku ya posa hakitoki tena. Ukikidai, umejitoa mwenyewe kwenye posa. Na mimi nilimjua huyu mtu, nilijua anaweza kukidai.

"Baba, hiyo mtungi..."

"Unasemaje, mwanangu?"

Akaniangalia pale mlangoni. Nilikuwa na hasira mpaka machozi yananilenga.

"Ni yenu," akasema.

Shangazi Rebecca akamimina karanga ndani.

"Mbona mbaya hivi? Fundi alichoka njiani?"

Jioni simu yangu ikalia. Ujumbe wa Lukudu.

"Ketty, mwambie shangazi asiisugue na mchanga."

Nikamjibu: "Umeposa leo, na unaniulizia mtungi?"

"Nilitaka kuidai. Nikakuona unalia. Kalas, basi, nikaiacha."

Nilimpenda na nikachoka naye kwa wakati mmoja. Mpaka harusi inafika, kila akija kwetu alikuwa akikodolea macho jikoni.

Siku ya kuondoka, shangazi akanifungulia jiko, kama ilivyo desturi yetu.

"Chagua chombo kimoja uende nacho kwako."

Sufuria mpya zilikuwa zinang'aa. Nikazipita. Nikamwaga karanga, nikaukumbatia ule mtungi, ukanikwaruza mkono na kunichafulia gauni jeupe.

Lukudu alipoona nilichobeba, aliketi chini akalia mbele ya wageni wote.

"Nyamaza," nikamwambia. "Kesho unatoa mingine sebuleni. Nataka pa kukaa."